Ubavu wa Kushoto wa Gari la Kimarekani

Gari lile lililetwa Clairwood, hapa Durban, juu ya lori la kubebea magari mabovu, limefunikwa turubai la kijani, likashushwa mbele ya karakana yetu Jumatatu asubuhi. Sisi tulikuwa watu wa malori. Lori likigonga ukuta huko upande wa bandari, au likipinduka kwenye mteremko wa kutoka Pinetown, kichwa chake kiliishia kwetu, nasi tukatengeneza upya vipande vya faiba, yaani vitambaa vya nyuzi za kioo vinavyogandishwa kwa gundi ya resini: bampa, ngazi, paa la kukatia upepo. Magari madogo hatukuyagusa. Kwa hiyo turubai lilipoondolewa tukaona kitu kifupi, cheupe, kilicholala chini kiasi kwamba paa lake lilinifika kiunoni, tulidhani mwenyewe amekosea geti.

Hakuwa amekosea. Alikuwa mzungu mstaafu wa Queensburgh, mrefu, mwenye mikono iliyojaa madoa ya jua, na alijua anachokitafuta. Alimwambia bosi wetu kwamba mafundi wote wa magari ya zamani mjini wanajua chuma na alumini, na hili gari chesisi yake haina chuma. Ni faiba. Sakafu, mbavu, kila kitu kinachobeba injini na dereva ni faiba tupu. Bosi akageuka, akaninyooshea kidole.

Faiba niliisomea Lubumbashi, ndani ya matangi ya asidi ya kiwanda cha shaba. Ukikosea pale, asidi inatoboa tangi na kumfuata mtu chini. Nilipofika Durban, baada ya safari ambayo siisimulii hapa, nilikuta watu wanaotengeneza faiba kama wanapaka siagi kwenye mkate. Bosi aliligundua hilo wiki ya kwanza. Tangu siku hiyo kazi zote za kichwa kigumu zikawa zangu, na jina langu likawa "yule Mkongo."

Basi nikapewa gari. Kazi ilikuwa kuvua rangi yote, kukagua kila mshono wa chesisi, kuziba nyufa, na kulirudishia ngozi yake. Mwenyewe alikuwa akija alasiri, mara mbili au tatu kwa wiki. Alikuwa anageuza pipa tupu la resini, anakalia kitako chake, anaanza kusimulia. Nakiri kwamba nilimpenda kwa sababu ya masimulizi yale. Hakuna mtu aliyewahi kukaa karibu na kazi yangu na kunieleza ilikotoka.

Lilijengwa Marekani miaka ya sitini, na wahandisi wachache waliotaka kujaribu mambo mawili ambayo wenzao waliyacheka: chesisi isiyo ya chuma, na gia isiyo na klachi. Halikutengenezwa ili liuzwe. Mbio zake za kwanza lilizimika kabla ya nusu, kwa joto. Mbio za pili lilianzia mwisho kabisa, mvua ikanyesha, na kwa kuwa dereva hakuwa na klachi ya kukanyaga, mguu wake wa kushoto ulikaa kwenye breki wakati wa kulia umekaa kwenye mafuta. Alikuwa anachelewa kushika breki kuliko wote. Aliwapita mmoja mmoja mpaka akashinda. Mbio za tatu kipande cha nyuma kiling'oka kikaruka juu ya vichwa vya watazamaji, na kampuni kubwa iliyokuwa ikiwasaidia kimyakimya ikajitoa. Ndipo likapakiwa melini kuja Afrika Kusini, kwenye mbio za msimu wa joto, wakati huko kwao ni baridi.

Baba wa yule mzungu ndiye aliyelipokea bandarini. Alikuwa wakala wao hapa Durban.

"Likaumia mazoezini," alinisimulia. "Uwanja ulikuwa kule njia ya Pietermaritzburg. Dereva aliteleza kwenye kona, gari likagonga ukingo wa udongo kwa ubavu wa kushoto. Chesisi ikapasuka kutoka mlangoni mpaka gurudumu la nyuma. Kila mtu alisema limekwisha. Baba yangu akapiga simu Marekani, kiwanda kikatuma mafundi wawili kwa ndege. Walilitengeneza kwa siku tisa. Likaingia mbio za muda wa saa sita likamaliza la pili, na baada ya hapo likabaki kwa baba yangu."

Alikuwa anaandika kitabu juu ya yote hayo. Siku moja aliniletea kurasa zenyewe, nikasoma Kiingereza chake taratibu, mikono yangu ikiwa nyuma ili nisichafue karatasi. Mafundi wawili wa kiwanda walikuwemo. Baba yake alikuwemo, picha tatu. Gari lilikuwa linauzwa kwa jumba la makumbusho huko Marekani, na kitabu kingeondoka nalo.

Wiki ya tano nilifika ubavu wa kushoto.

Mtu anayefanya kazi ya faiba huacha mwandiko wake kwenye vitambaa. Wamarekani walitumia kitambaa chembamba, kilichofumwa kwa karibu, na resini yao ilikuwa imegeuka rangi ya chai nyepesi. Lakini pale kwenye ufa, nilipozidi kusugua msasa, nilikuta kitambaa kingine kabisa: kizito, cha kufumwa kwa nafasi, kile ambacho watu wa boti wanakitumia mpaka leo hapa Durban. Kilikuwa kimelazwa mshazari, tabaka juu ya tabaka, kila moja kubwa kidogo kuliko la chini yake, kingo zimefifishwa hivi kwamba vidole vyangu havikuona mahali zinapoanza. Nilisimama nikakitazama muda mrefu. Kazi nzuri kama ile nimeiona mara mbili tu maishani.

Upande wa ndani, nyuma ya kiti cha dereva, palikuwa na rangi nyeusi. Nilipoiondoa, chini ya tabaka la mwisho la resini safi, kulikuwa na maandishi ya penseli. Jina la mtu na jina la ukoo wake. Neno Durban. Kisha maneno mawili ya Kizulu.

Nilimwita mwenzangu wa kupuliza rangi. Alikuwa mwanamke wa Umlazi, mkimya, na kwa mashine ya rangi hakuna aliyemfikia pale karakana. Alipiga magoti, akamulika kwa simu.

"*Yenziwe yimi*," alisoma. "Imetengenezwa na mimi."

Tulikaa pale chini, sisi wawili. Kisha akaniuliza, "Hao Wamarekani wawili walijua kuandika Kizulu?"

Alasiri mzungu alipokuja nilimwonyesha. Nilidhani atafurahi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyodhani: kwamba mtu anayependa gari kiasi kile angefurahi kujua mkono uliolitengeneza. Aliinama akasoma, akainuka, akapangusa magoti ya suruali yake.

"Labda alikuwa anawasaidia," alisema.

"Hii ni kazi ya mkono mmoja, bwana. Kuanzia tabaka la kwanza mpaka la mwisho. Na kitambaa ni cha boti. Kiwanda cha Marekani kingekuja na kitambaa chake."

"Funika."

Nilifikiri sijamsikia vizuri.

"Kitabu kiko kwa mchapishaji," alisema, kwa sauti ya upole, na upole ule ndio uliniudhi zaidi. "Makumbusho wanamtuma mtu wao kukagua mwezi ujao. Hili gari lina historia yake. Siwezi kuwa na historia mbili. Weka tabaka mbili juu yake, upake nyeusi, kama lilivyokuwa."

Nilimtazama bosi. Bosi alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake, lakini malori yalikuwa yamepungua mwaka ule. "Gari ni lake," alisema. "Wewe uko hapa kwa faiba. Historia tuwaachie wenyewe."

Nikafunika. Ilinichukua kama nusu saa. Nilikata kitambaa, nikakilowesha, nikakibandika juu ya jina la mtu, nikakandamiza mapovu kwa rola mpaka yote yakatoka, kwa sababu hata wakati ule mikono yangu ilikataa kufanya kazi mbaya. Kilipokauka nikapaka nyeusi. Kitu pekee nilichofanya kwa ajili yangu ni kupiga picha kwa simu kabla ya kuanza.

Nilirudi nyumbani Albert Park nikiwa sioni njia. Kwenye robot, zile taa za barabarani, ya kona yetu dereva wa taxi alinipigia honi nami nikampiga teke mlango wake, jambo ambalo mtu mwenye karatasi za ukimbizi halifanyi. Lifti yetu ilikuwa imekufa kama kawaida. Nilipanda ghorofa kumi na moja, na kwa kila ghorofa nilikuwa nagombana na mtu: na mzungu, na bosi, na yule dereva, na karani wa dirishani kwenye ofisi ya wakimbizi anayeishika karatasi yangu kwa ncha za vidole. Mke wangu alikuwa ametoka saluni, miguu yake imo ndani ya beseni la maji ya moto. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Papa, hasira yako hii iko ya nani?" aliniuliza. "Ya ule muzungu? Ya bosi? Ao iko yako weye mwenyewe?"

Nikamwambia aniache.

"Nakuacha. Lakini tangu niolewe, sikusikia mutu akikulazimisha kitu. Leo umefunika jina ya mutu na unakuja kupiga milango ya nyumba yangu. Basi enda umutafute. Kama amekufa, utajua. Kama iko na watoto, wataambiwa."

Mwenzangu wa rangi ndiye aliyemtafuta. Ukoo ule una watu wengi kama mchanga, lakini wazee waliowahi kutengeneza boti za faiba pale ghubani miaka ile si wengi. Aliuliza kanisani kwao, kanisa likauliza jingine, na baada ya wiki mbili alikuja kazini akaniambia, bila kuondoa barakoa yake ya rangi: "Yuko hai. Lamontville. Anakaa na binti yake. Nimemwambia tunakuja Jumapili."

Jumapili nilivaa shati la kanisani. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilijiona mtu anayepeleka zawadi.

Mzee alikuwa amekaa sebuleni mbele ya televisheni iliyozimwa, mwembamba, kavaa koti la kazi la bluu juu ya pajama. Masikio yalikuwa mazito lakini macho yalikuwa mazima. Binti yake, mwalimu aliyestaafu, alituletea chai. Mwenzangu alitafsiri pale Kizulu changu kilipokwama. Nilimpa simu yenye picha. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akaanza kuzungumza kana kwamba tulikuwa tumekatizwa jana.

Alikuwa fundi wa boti. Bosi wake wa boti, mzungu mwingine, alimwazimisha kwa wakala wa gari, kama mtu anavyoazima ngazi. Gari lililetwa kwenye banda la boti kwa sababu hakuna pengine penye resini ya kutosha. Mafundi wawili walikuwepo kweli, lakini walikuja na gari melini tangu mwanzo, walikuwa wa injini na gia, na walipoona ufa ule walikaa chini wakavuta sigara. Yeye ndiye aliyewaambia panakatwa wapi. Siku tisa. Siku ya mwisho, kabla ya kuweka tabaka la juu, alichukua penseli.

"Kwa nini uliandika?" nilimuuliza.

"Kwa sababu nilitengeneza," alinijibu, na akanitazama kama mtu mpumbavu.

Siku ya mbio alikwenda kwa treni, kisha kwa miguu. Watu weusi walikuwa na sehemu yao, nyuma ya waya, kwenye kona ya mbali ambapo gari linaonekana kwa muda wa pumzi moja halafu limepotea. Alisimama pale kwa saa zote sita. Hakuwa anatazama nani yuko mbele. Alikuwa anatazama ubavu wa kushoto kila ulipopita, kama unakaa sawa na gurudumu au umeanza kulegea. Haukulegea. Lilipomaliza la pili watu wa upande wake wa waya hawakujua kwa nini mzee mmoja, wakati ule kijana, amekaa chini kwenye nyasi na kujifunika uso. Kesho yake alirudi kwenye boti.

Kisha akauliza, "Sasa jina langu bado linaonekana?"

Nilikuwa nimepanga kulisema hilo kwa maneno mazuri. Hayakuja. Nikamwambia kwamba niliambiwa nifunike, nikafunika.

Alinirudishia simu. "Wewe ulifunika."

"Ndiyo, Baba."

"Wale wazungu hawakunifunika," alisema polepole, na mwenzangu alitafsiri kila neno ingawa nilikuwa nimeelewa. "Hawakutazama, basi. Miaka yote hii jina lilikuwa zima pale, chini ya rangi, linamngoja mtu wa kazi yangu alione. Ukaja wewe mtu wa kazi yangu. Ukaliona. Ukachukua kitambaa ukalifunika. Unakuja nyumbani kwangu kunywa chai."

Binti yake alisema kitu kwa sauti ya chini kumtuliza. Mzee alikataa kutulizwa. Aliniambia nitoke. Nikaweka kikombe chini, nikatoka, nikasimama nje kwenye jua karibu na tangi la maji na mashavu yangu yanawaka. Mwanzoni nilimkasirikia yeye. Nilijiambia, huyu hajui nilivyo, hajui bosi anaweza kunifukuza leo na kesho sina pa kwenda, hajui kwamba hapa mimi ni mgeni na yeye yuko kwao. Nilijiambia hayo yote mpaka stendi ya taxi. Halafu yakaisha, na kilichobaki ni kile alichosema.

Mwenzangu alikuja nyuma yangu. "Eish," alisema. "Ana haki."

"Najua."

"Sasa?"

Jumatatu niliwahi kabla ya bosi. Nilivaa barakoa, nikachukua msasa wa mkono, kwa sababu mashine ingeweza kuvuka na kula penseli, nikaanza kuondoa nilichokuwa nimeweka. Kazi ya nusu saa ilinichukua asubuhi nzima kuiondoa. Bosi alipofika alisimama nyuma yangu akaniuliza ninafanya nini. Nilimwambia. Alisema nikiendelea ataniondoa kwenye gari. Nilimwambia aniondoe nikimaliza. Sijui kwa nini hakunivuta bega. Labda aliona uso wangu. Aliingia ofisini akafunga mlango, na mimi nikafika kwenye jina, nikalisafisha kwa kitambaa, nikamimina juu yake resini safi, nyembamba, bila rangi yoyote.

Mzungu hakujua. Alikuwa Cape Town kwa shughuli za kitabu, na alirudi siku ileile ambayo mkaguzi wa makumbusho alifika. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa Kimarekani, mfupi, na alivaa ovaroli yake mwenyewe. Alianza mbele, akafuata upande wa kulia, anagongagonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, anaandika. Mzungu alimfuata akisimulia. Mimi nilikuwa nimeambiwa nikae upande wa malori, lakini nilisogea.

Alipofika nyuma ya kiti cha dereva, tochi yake ilisimama.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Mzungu aliinama. Nilimwona akiona. Shingo yake yote ilibadilika rangi, akainuka akanitafuta kwa macho, akanipata.

"Sijui," alisema. "Huenda ni kibarua wa wakati ule."

"Ni mtu aliyetengeneza chesisi," nilisema. "Yuko hai. Yuko Lamontville."

"Huyu hajui lolote," mzungu alimwambia yule mwanamke. "Ni mtu wa malori. Hata si wa nchi hii."

Nimeitwa mengi Durban. Nimeitwa majina ambayo watu huyatema barabarani. Lakini lile lilisemwa na mtu aliyekaa juu ya pipa langu wiki zote zile na kunisimulia habari za mvua na breki, na nadhani ndiyo sababu sikurudi upande wa malori. Nilisema kila kitu. Nilisema kitambaa ni cha boti na nikamwonyesha, nilisema mafundi wawili walikuwa wa injini, nilisema siku tisa, nilisema niliambiwa nifunike na nikafunika na nikafunua. Kiingereza changu kilivunjika mahali pengi. Niliendelea nacho hivyo hivyo.

Mkaguzi hakunikatiza. Nilipomaliza alisema kwamba kwenye karatasi za Marekani hakuna fundi aliyewahi kupandishwa ndege kuja Durban, na kwamba wenzake kwa muda mrefu walishindwa kujua matengenezo yale yalifanywa na nani. Kisha akauliza kama mzee anaweza kuja.

Alikuja kesho yake, yeye na binti yake, mwenzangu amewafuata kwa taxi. Alivaa suti. Karakana nzima iliacha kazi, hata bosi alitoka ofisini. Mzee hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubavu wa kushoto, akaweka kiganja, akakipeleka nyuma taratibu mpaka kwenye gurudumu, akarudi. Alitaka asaidiwe kuinama. Alilitazama jina lake kupitia resini yangu.

"Umeacha mapovu," alisema.

Nikatazama. Yalikuwa mawili, madogo kama vichwa vya sindano.

"Ndiyo, Baba."

"Ulikuwa na haraka."

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira si sababu ya mapovu," alisema, na hapo ndipo aliponipa mkono.

Mkaguzi alimrekodi kwa zaidi ya saa moja. Mzungu alikuwa nje getini, anavuta sigara ambayo aliwahi kuniambia ameiacha. Mwishoni aliingia. Alisimama mbele ya mzee, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba naye ni mzee.

"Baba yangu hakuniambia habari zako," alisema.

Binti alitafsiri. Mzee alifikiri kidogo.

"Baba yako alikuja kila siku," alijibu. "Kila siku saa saba alikuja na mkate na samaki, tukakaa kwenye mbao tukala. Alijua jina la mke wangu. Alijua mtoto wangu wa kwanza alikuwa amezaliwa mwezi ule. Huyu hapa," akamgusa binti yake. "Kisha nikasomewa gazeti, kwamba aliwaambia waandishi kuwa mafundi wametoka Amerika."

Mzungu alimtazama binti. Nilitaka kumwonea huruma na sikuweza. Nilikuwa nikimfikiria yule baba, kwenye mbao, na mkate wake. Mtu asiyekujua akikuacha nje ya kitabu, hilo naweza kulielewa. Lakini huyu alijua mpaka jina la mtoto. Alikula naye siku tisa, akapangusa mdomo, akaenda kwa mwandishi wa gazeti. Mpaka leo nikiwa nasugua kitu, hasira hiyo inakuja bila kuitwa na mkono wangu unaongeza kasi.

Gari liliuzwa. Kitabu kilitoka kama kilivyokuwa, isipokuwa chini ya ukurasa mmoja, kwa herufi ndogo, palipoongezwa kwamba matengenezo yalifanywa "kwa msaada wa mafundi wenyeji." Mzungu alimwomba bosi nisiliguse tena gari, na rangi ya mwisho aliipuliza mwenzangu, ambaye alinihakikishia kwamba pale nyuma ya kiti hajapitisha hata tone. Bosi hakunifukuza. Alinirudisha kwenye mabampa, akaacha kuniangalia usoni, na baada ya miezi michache nikaona heri niondoke mwenyewe. Sasa natengeneza boti, ghubani. Nilimwambia mzee, akaniuliza tunatumia kitambaa gani, nikamtajia, akasema ni takataka.

Mwaka jana mkaguzi alituma picha kutoka makumbusho. Gari limesimama chini ya taa, jeupe, na kando yake kuna kibao chenye historia ya mbio zake zote. Jina la mzee limo, katikati, pamoja na siku tisa na saa sita. Lakini wameliandika vibaya. Jina la ukoo limekosa herufi mbili, na kwa Kizulu herufi hizo ndizo zinazolifanya kuwa jina la watu. Bila hizo si jina la mtu yeyote. Jina lenyewe liko hapo hapo, hatua tatu kutoka kwenye kibao, kwa mwandiko wa mwenyewe. Hakuna aliyeinama kusoma.

Binti aliandika barua ya kwanza. Walijibu kwa adabu kwamba vibao hubadilishwa maonyesho yanapobadilishwa. Tukaandika ya pili, mimi na yeye na mwenzangu wa rangi, mezani kwa mke wangu Albert Park, na mke wangu akatufanya tufute maneno mawili ambayo hayakufaa. Hiyo haijajibiwa.

Wiki iliyopita nilikwenda Lamontville kumweleza mzee kwamba bado kimya. Alikuwa kitandani, kifua kinambana, na nilitaka kuahirisha habari hiyo, lakini aliniuliza mwenyewe. Nikamwambia.

"Mmeandika mara ngapi?"

"Mbili."

Alifumba macho nikadhani amelala.

"Leta karatasi," alisema.